Mweka Hazina Asiyeswali: Maswali na Majibu

Katika toleo lililopita nilieleza kwa ufupi habari ya kijiji kimoja cha wilaya ya Tandahimba, ambako wanachama wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, walimkataa mgombea wa nafasi ya mweka hazina. Hawakumkataa kwa hesabu zake wala kwa mwenendo wake, ambao wote waliusifu, bali kwa sababu haonekani msikitini siku ya Ijumaa wala kanisani siku ya Jumapili. Niliandika kwamba walikosea. Barua zilizofuata ni nyingi, nyingine zina hasira, na karibu zote zinarudi kwenye jambo moja: je, mtu anahitaji dini ili aishi kwa uadilifu? Ili msomaji ajue anajibiwa na nani, naomba niseme mapema kwamba mimi ni Mwislamu, mzaliwa wa Mikindani, niliyefundisha somo la uraia kwa miaka mingi, na sina nia ya kumtoa mtu yeyote katika dini yake.

Mwalimu, shikamoo. Umetushangaza. Asiyemwogopa Mungu atamwogopa nani? Mtu wa namna hiyo utampaje ufunguo wa sanduku la fedha? (Msomaji, Masasi)

Marahaba. Hofu yako naielewa, kwa sababu fedha za korosho huja mara moja kwa mwaka, na zikipotea, mwaka mzima wa kaya hupotea nazo. Hata hivyo, naomba tuanzie ndani ya dini yenyewe. Kabla Mtume Muhammad hajapewa utume, mfanyabiashara mmoja kutoka Zabid, Yemen, aliuza bidhaa zake Makka kwa mkubwa mmoja wa Kikureishi, naye akazichukua na kukataa kulipa, akijua kwamba mgeni yule hana ukoo wa kumtetea mjini. Mgeni alipopaza sauti ya malalamiko, watu wa koo kadhaa walikutana katika nyumba ya Abdallah bin Jud'an wakaapa kusimama pamoja na kila aliyedhulumiwa, awe mwenyeji au mgeni, mpaka arudishiwe haki yake. Kiapo hicho huitwa Hilf al-Fudul. Uislamu ulikuwa bado haujaja, na wengi wa walioapa walikuwa wa jamii iliyoabudu masanamu. Mtume, ambaye alikuwepo akiwa kijana, alisema miaka mingi baadaye kwamba hata katika Uislamu angeitwa kwenye kiapo kama kile angeitikia. Alisema pia kwamba ametumwa kuzitimiza tabia njema, na mtu hatimizi kitu ambacho hakijaanza kuwepo. Kwa wasomaji wangu Wakristo, Paulo anawaandikia Warumi, katika sura ya 2, kwamba mataifa wasio na sheria hufanya kwa asili yao mambo ya sheria, kwa kuwa yameandikwa mioyoni mwao.

Kwa hiyo, unapouliza mtu yule atamwogopa nani, jibu langu ni kwamba anaweza kuogopa kumtazama usoni mjane ambaye kilo zake amezipunguza, na anaweza kuogopa kuwa mwizi mbele ya nafsi yake hata kama kijiji kizima hakitajua. Kiswahili kinaiita hofu hiyo haya, na wazee wetu waliiheshimu sana. Isitoshe, hakuna chama kinachopaswa kumwachia mtu mmoja ufunguo kwa kutegemea moyo wake tu. Ndiyo maana ushirika una saini zaidi ya moja kwenye hundi, na ndiyo maana COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika, hukagua vitabu vya chama bila kuuliza mweka hazina anasali wapi.

Kama hakuna pepo wala moto, kwa nini nisichukue kisicho changu pale ambapo hakuna anayeniona? (Kijana, Lindi mjini)

Nakuomba ujiulize kwa ukweli: kesho ukiamka na shaka juu ya moto wa Jahanamu, je, utakwenda moja kwa moja kwa jirani kumchukulia kuku wake? Nadhani hapana, na nadhani utaona haya hata kwa kuliwaza. Kumbe kuna kitu kingine kinachokuzuia, na kilikuwepo siku zote kando ya hofu ya adhabu. Rabia al-Adawiyya, mcha Mungu mwanamke wa Basra katika karne ya 8, husimuliwa kwamba aliomba asimwabudu Mungu kwa kuogopa moto wala kwa kutamani pepo. Kama mwanamke aliyeishi kwa ajili ya ibada aliona kwamba wema unaonunuliwa kwa thawabu haujakamilika, basi swali lako haliwezi kujibiwa kwa kuongeza ukali wa adhabu.

Mwaka 2003 watafiti wawili, Sarah Brosnan na Frans de Waal, walichapisha jaribio walilofanya kwa kima wa aina ya capuchin. Kima alipewa kipande cha tango kwa kazi ndogo aliyoifanya, naye alilipokea bila shida, lakini alipomwona mwenzake akipewa zabibu kwa kazi ileile, mara nyingi alilikataa lile tango. Nimelifikiria jaribio hilo kwa muda mrefu. Linaonyesha kwamba kuhisi nimepunjwa huja bila kufundishwa, kwani hata mnyama anakuhisi. Kuhisi kwamba mimi nimempunja mwingine ni jambo gumu zaidi, na hilo ndilo tunalofundishwa na mama, na mwalimu, na shehe, na padri, na jando, na jirani anayetukemea barabarani. Dini ni mwalimu mmojawapo katika hao, na kwa watu wengi ndiyo mwalimu mkubwa kuliko wote. Aliyelifunza somo hilo mahali pengine, hata hivyo, amelijua somo lilelile, nawe ukichukua kisicho chako, mwenye mali amepungukiwa, iwe ulionekana au hukuonekana.

Je, jambo ni jema kwa kuwa Mungu ameliamuru, au Mungu ameliamuru kwa kuwa ni jema? (Mwanafunzi wa chuo, Mtwara)

Swali hili Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki, alimpa mwalimu wake Socrates aliulize zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, na wanazuoni wa Kiislamu walibishana juu yake kwa nguvu kubwa. Kundi la Mu'tazila lilisema akili ya binadamu inaweza kutambua kwamba dhuluma ni mbaya hata kabla ya kuja kwa wahyi, yaani ufunuo wa Mungu, ilhali Abu al-Hasan al-Ash'ari, aliyekuwa mmoja wao kabla ya kuwaacha, alifundisha kwamba jema ni lile lililoamriwa na baya ni lile lililokatazwa. Upande wa Wakristo, Thomas Aquinas, katika karne ya 13, alieleza kwamba kuna sheria ya asili ambayo akili inaifikia yenyewe. Sisi wa pwani, wafuasi wa Imamu Shafii, tumelelewa zaidi katika mafundisho ya Ash'ari, na najua kwamba shehe wangu hatafurahia ninachokiandika, lakini nafsi yangu inaelemea kwa wale wa kwanza. Tunaposema Mungu ni mwema, tunamsifu. Na kama neno mwema lina maana tu ya kutenda atakavyo, sifa hiyo haisemi kitu.

Hata hivyo, Ash'ari alikuwa na wasiwasi ambao hatupaswi kuudharau: akili ya binadamu hununulika, na mwenye faida hupata hoja upesi. Barua inayofuata ni ushahidi wake.

Sisi wa Kivinje tunaishi juu ya historia ya watumwa. Waarabu waliswali, Wazungu walisali, na wote walinunua watu. Dini zilikuwa wapi? (Msomaji, Kilwa Kivinje)

Zilikuwepo, na hilo ndilo linaloniumiza. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliwasifu watu wake kwa dini na uchaji, na zaidi ya wote akamsifu Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyepewa jina la Abu al-Mawahib, yaani baba wa zawadi. Anasimulia kwamba siku moja Sultani alipokuwa anatoka kwenye swala ya Ijumaa, fukara mmoja kutoka Yemen alimwomba nguo alizozivaa, na Sultani akaingia ndani, akazivua, akampa. Mtoto wa Sultani alizichukua tena nguo zile kutoka kwa fukara na kumpa badala yake watumwa kumi. Sultani aliposikia jinsi watu walivyoshukuru kwa kitendo chake, akaamuru aongezewe watumwa wengine kumi pamoja na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Nimewasomea wanafunzi kisa hiki mara nyingi, na kila mara darasa hushangilia nguo, kisha hunyamaza linapofika kwenye watumwa. Sultani yule hakuwa mnafiki. Alikuwa mkarimu kweli, mnyenyekevu kweli, na Ibn Battuta anaeleza kwamba alipokwenda kuvamia nchi za bara alitenga khumsi, yaani sehemu moja ya tano, ya ngawira, kama sheria inavyotaka, akaiweka kwa ajili ya masharifu, wazao wa Mtume, waliomjia. Kila kanuni aliitimiza kwa wale aliowahesabu kuwa watu. Waliovamiwa hawakuwemo katika hesabu hiyo.

Hapo ndipo naliona swali zima la dini na uadilifu. Dini hutufundisha vizuri sana namna ya kumtendea mwenzetu, lakini haituhakikishii kwamba tutamtambua mwenzetu ni nani. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice, kutoka taifa la Kikristo, aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa ili apatiwe watumwa 1,000 kila mwaka, na imani zao mbili tofauti hazikuwazuia kuelewana. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka upande wa Ziwa Nyasa ilimwaga watu hapo Kivinje, na wapo viongozi wa misafara hiyo, watu wa bara, ambao wakati huo hawakuwa Waislamu wala Wakristo. Kukosa dini hakukuwafanya wawe wapole zaidi.

Uadilifu unanidai niseme pia upande wa pili. Vitabu vyenyewe vilikuwa na mbegu: Kurani, katika Surat al-Balad, inataja kumwacha huru mtumwa kuwa ndiyo njia ya kupanda mlima, na Paulo alimwandikia Filemoni ampokee Onesimo si kama mtumwa tena bali kama ndugu. Waumini waliozichukua mbegu hizo kwa dhati walifanya kazi kubwa, na Masasi ya leo ina kumbukumbu yao, kwa kuwa mwaka 1876 Askofu Edward Steere alifika huko na kundi la watumwa waliokombolewa kutoka Unguja, wakaanzisha makazi. Lakini utumwa haukufutwa kisheria katika Tanganyika mpaka mwaka 1922, karibu miaka 600 baada ya nguo za Abu al-Mawahib, na muda wote huo adhana haikukatika Kilwa. Siwezi kuuandika mwaka huo bila huzuni.

Padri wetu anasema unyago ni mambo ya giza, na mama mkwe anasema mtoto asiyechezwa hana adabu. Nimsikilize nani? (Mama, Newala)

Wote wawili, dada yangu, kila mmoja kwa sehemu yake. Jando na unyago vilikuwa shule ya maadili ya Wamakonde, Wayao, Wamwera na Wamakua kabla msikiti au kanisa havijafika bara, na hilo peke yake ni jibu kwa anayedai kwamba babu zetu waliishi bila maadili. Askofu Vincent Lucas, aliyeiongoza dayosisi ya Masasi kuanzia mwaka 1926, alilitambua hilo, na badala ya kulifuta jando aliliingiza katika maisha ya Kanisa, ingawa wapo waliompinga. Kumheshimu mkubwa, kutunza siri ya nyumba, kumhudumia mgonjwa na kujua kwamba mwili wako si mchezo ni mafunzo ambayo sitaki yapotee.

Ninachokikataa ni kumfundisha mtoto wa miaka tisa mambo ya ndoa, kisha kumrudisha darasani akiamini kwamba utoto wake umekwisha. Kaa na kungwi kabla, uliza kitafundishwa nini, subiri likizo, na usione haya kukataa sehemu.

Tunasikia kwamba katika nchi za Ulaya Kaskazini watu wachache tu huenda kanisani, na bado hawali rushwa. Si ushahidi kwamba dini haihitajiki? (Msomaji, Nachingwea)

Ni ushahidi kwamba jamii inaweza kuwa na uaminifu huku makanisa yakiwa hayajai. Denmark iliongoza mwaka 2022, 2023 na 2024 katika orodha ya Transparency International ya nchi zinazoonekana kuwa na rushwa ndogo, na ibada za Jumapili huko zina watu wachache. Lakini nchi hiyo ililelewa kwa karne kadhaa na Kanisa la Kilutheri, na ina mahakama na mishahara inayotosha, kwa hiyo si rahisi kusema ni kipi kilichozaa uaminifu huo. Upande mwingine, utawala wa Stalin katika Umoja wa Kisovieti uliwatesa waumini kwa jina la kuikataa dini, wala haukuwa na huruma kwa wasioamini. Tusiifanye orodha ya nchi kuwa mahakama ya Mungu.

Kiongozi wa chama chetu hakosi swala tano, lakini kila mkulima anaona kilo zake zinapungua kwenye mizani. Inakuwaje? (Mkulima, Nanyamba)

Usimhukumu kwa swala yake, na usimtetee kwa swala yake. Mizani ndiyo ipimwe kwanza, kwa sababu inawezekana ni mbovu, na Wakala wa Vipimo yupo kwa kazi hiyo. Ikiwa mizani ni nzima na kilo bado zinapungua, basi jibu la swali lako lina historia ndefu, kwani Kurani ina sura nzima inayoanza kwa kusema ole wao wapunjao, na Mithali 11 inaanza kwa kusema kwamba mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana. Maneno hayo hayakuelekezwa kwa watu wasio na dini tu. Yalisomwa mbele ya waumini, kwa sababu waumini nao hupunja.

Mwaka 1973 wanasaikolojia Darley na Batson walichapisha utafiti uliofanywa Princeton, Marekani, kwa wanafunzi 40 wa chuo cha theolojia. Kila mmoja aliombwa aende jengo jingine akatoe mazungumzo mafupi, na baadhi yao walipewa mada ya Msamaria Mwema, yule aliyemhudumia majeruhi njiani baada ya kuhani na Mlawi kupita. Njiani waliwekewa mtu aliyejikunja akikohoa na kuugua. Wale waliokuwa wanakwenda kuhubiri habari ya Msamaria hawakuonekana kusaidia zaidi ya wengine kwa kiwango cha kuaminika; kilicholeta tofauti kubwa ni haraka. Kati ya walioambiwa wana muda wa kutosha, 63 katika 100 walisaidia, na kati ya walioambiwa wamechelewa, 10 katika 100 tu.

Nimeuona utafiti huo kila Oktoba hapa kwetu, ingawa sikuujua kwa jina. Msimu unapofunguliwa, foleni hujaa mbele ya ghala, wenye madeni hudai, magari husubiri, na watu wema wa Machi hugeuka wengine kabisa. Kangomba naye, anayenunua korosho kijijini kwa bei ya kutupa nje ya mnada, aghalabu si mgeni mwenye pembe. Ni jirani aliyemkopesha mwenzake fedha katika miezi ya shida kabla ya mavuno, na huenda wanaketi mkeka mmoja wakati wa kufuturu. Dini yake haijafa, ila hakuna anayeiuliza chochote anapofika penye mzigo. Kwa hiyo pimeni korosho mahali peupe, mkulima asome namba mwenyewe, stakabadhi iandikwe palepale mbele yake, na anayepima abadilishwe kabla hajachoka. Hatua hizo zinamsaidia kiongozi wenu pia, kwa sababu zinamwondoa kwenye jaribu ambalo huenda swala yake peke yake haijaweza kumwondoa.

Mwalimu, nina miaka 24. Nimeacha kuswali karibu miaka miwili sasa, kwa sababu siamini tena. Baba yangu alifundisha madrasa, macho yake hayaoni vizuri, na kila alfajiri namshika mkono hadi msikitini, kisha nakaa nje kwenye baraza nikimsubiri. Yeye anadhani tuko safu moja. Anaponiombea dua najiona mnafiki. Je, nimekuwa mtu mbaya? (Kijana, Ruangwa)

Hapana, mwanangu. Barua yako niliisoma mara tatu, na nimeiweka mwisho kwa sababu iliponifikia nilikuwa nimekwisha kuandika majibu mengine, na nililazimika kuyasoma upya yote.

Kaka yangu mkubwa aliacha kuswali akiwa na umri kama wako, na nyumbani kulizuka maneno makali ambayo baadhi yake niliyasema mimi. Mama alipougua, ugonjwa uliochukua miaka mitatu, ni yeye aliyemgeuza kitandani, aliyemwosha, na aliyekumbuka kumwelekeza kibla kila wakati wa swala ulipoingia, ijapokuwa mwenyewe hakuwa anaswali. Sisi tulioswali tulikuwa na safari, na biashara, na shughuli. Sijui Mungu atamhukumu vipi kaka yangu, lakini tangu wakati ule sikuweza tena kusema kwamba asiyeamini hana maadili.

Kuamini hakulazimishwi. Kurani inasema hivyo katika Surat al-Baqara, na Ibara ya 19 ya Katiba yetu inampa kila mtu uhuru wa imani. Kinachokusumbua ni kwamba baba yako hajui, na hapo sitakupa faraja ya bure: akikuuliza, usimdanganye. Asipokuuliza, huna deni la kumtangazia leo. Utakapokuwa tayari, mwambie mkiwa wawili tu, si mbele ya ndugu, si katika Ramadhani, na mwanzo wa maneno yako uwe ni yale yasiyobadilika, kwamba utaendelea kumsomea barua zake, kumnunulia dawa zake na kumwongoza njia. Anaweza kulia. Anaweza pia kukuambia kwamba alikuwa anajua siku nyingi, maana mwalimu wa madrasa huitambua sauti ya kila anayeitikia amina nyuma yake. Kwa sasa anapokuombea dua, ipokee kama zawadi ya baba, bila kujihoji, na kesho alfajiri mshike mkono kama kawaida, hasa penye ngazi.